Mabuti ya Saa Tisa na Robo

Kwanza yalikuwa maji tu. Na maji ya sakafuni mimi nayajua, maana miaka kumi na sita nimepiga deki kituo cha polisi cha Skarvik, kaskazini kabisa ya Norwe, na Januari kila anayeingia anaingia na theluji yake. Lakini mtu akiingia, nyayo zake zinatoka mlangoni kwenda mahali. Hizi zilikuwa mbili tu, zimesimama pamoja katikati ya mkeka, vidole vimeelekea ndani. Za kuja hakuna, za kuondoka hakuna. Nikafuta. Kesho yake, saa tisa na robo alasiri, hizo hapo tena. Nikafuta tena, huku nawatukana polisi wote kimoyomoyo kwa maneno ya kwetu Tanga.

Siku ya tatu zikaja na harufu ya kafuri.

Jamani, mwili ulinisisimka. Kwetu kafuri ni ya maiti, haina kazi nyingine. Nikamwita Torunn, askari wa mapokezi, mwanamke mwenye mwili wake na mizaha yake, asiyetishwa hata na walevi wa Ijumaa.

"Torunn, nani kafa humu?"

"Pipi hiyo, Mwanaidi! Wazee wanamumunya wakienda kuimba kanisani, inalainisha koo." Akacheka. Kisha akanusa tena, kicheko kikamkauka. "Lakini humu ndani nani anakula pipi za wazee?"

Mlango wa mwisho wa korido ukafunguka, akatoka Inspekta Halvard Bratteng na kikombe chake. Alikuwa amebakiza miezi minne astaafu. Mtu mrefu, macho mekundu ya kulala kwenye kiti, na sifa yake ilifika hadi Oslo: wauaji watatu aliwakamata, na hakuna siku aliyojisifu. Akaziona nyayo. Akanusa. Kahawa ikamwagika hadi kwenye viatu vyake.

"Acha, Mwanaidi," akaniambia. "Hayo nitayafuta mwenyewe."

Akapiga magoti, mzee mzima, akafuta kwa leso yake ya mfukoni. Nikasema moyoni, huyu anamjua mwenye nyayo.

Februari nyayo zikahama mkekani. Kila juma zilisogea hatua mbili tatu kwenye korido, na sasa zilikuwa na sauti. Kwanza ungesikia nje vyuma vikikwaruza theluji, halafu kitu kinaegemezwa ukutani. Ni kile kiti cha kuteleza cha wazee, chenye vyuma viwili virefu chini, unakisukuma kwa mguu mmoja. Halafu mabuti yanakung'utwa: pa, pa, pa. Halafu kimya.

"Umesikia?" Torunn alimnong'oneza Halvard siku moja, kamshika mkono wa shati.

"Nini?"

"Usijifanye! Umekuwa mweupe kama jibini."

"Upepo huo, Torunn."

"Upepo unavaa mabuti?"

Halvard aliingia ofisini kwake, akafunga mlango kwa ufunguo, na kuanzia siku hiyo ikawa ndiyo kawaida yake, ikifika saa tisa anajifungia, anazima taa, anakaa kimya kama mtoto aliyevunja sahani, na sisi huku nje tunasikia mabuti yakikung'utwa kila siku karibu zaidi na mlango ule, hadi Machi ikawa si mlangoni tena bali ndani, chumbani mlimofungwa, na Halvard mwenyewe alinisimulia baadaye kwamba alikuwa akiona maji yakijikusanya kwenye zulia mbele ya meza yake, nyayo mbili za mwanamke, vidole vikimwelekea yeye, na ile harufu ya kafuri na sufu mbichi ikimjaa puani hadi anashindwa kuvuta pumzi, na hakuna aliyesema neno, wala yule aliyesimama wala yeye aliyekaa.

Torunn ndiye aliyemkamata kwa nguvu akampakia garini. Kampeleka kwa Elen Risten, mama wa Kisami, kabila la wenyeji wa kaskazini, anayeishi juu ya ghuba, msomaji. Msomaji kule ni mtu anayezuia damu kwa maneno na kutoa vitu vibaya majumbani mwa watu. Mchana wanamcheka, wakipata shida wanamfuata.

Walimkuta anaangalia mashindano ya kuteleza thelujini kwenye televisheni.

"Kaeni," akasema bila kugeuka. "Zimebaki kilomita tatu na yule mpuuzi wa Sweden yuko mbele."

Wakakaa. Msweden akashinda. Elen Risten akazima televisheni kwa hasira, akamtazama Halvard.

"Haya, Inspekta. Wewe ndiye unayewahoji watu. Leo jihoji."

"Nataka umfukuze."

"Nani?"

Torunn akamsukuma Halvard kiwiko. "Sema, baba. Mficha maradhi kifo humuumbua."

"Gudny Sandmo," akasema.

Torunn akaziba mdomo. Skarvik nzima inalijua jina hilo. Gudny na dada yake Borghild waliishi wawili kwenye nyumba ya mwisho ya barabara, wanawali wazee, na Januari moja, miaka kumi na moja nyuma, Gudny alikwenda kuimba kanisani kwa kiti chake cha kuteleza akakutwa na tufani. Borghild akapiga simu polisi, watu wa kujitolea wakakusanyika. Halafu, ndivyo ripoti inavyosema, saa tisa na robo Borghild akapiga simu tena: dada yangu amefika, warudisheni watu. Wakarudi majumbani. Asubuhi Gudny alikutwa mita mia nne kutoka mlangoni kwake, kifundo cha mguu kimevunjika, amekaa juu ya kiti chake, ameganda. Watu wakauliza, kwa nini aseme amefika? Wakajijibu wenyewe: nyumba. Alitaka nyumba peke yake. Hakushtakiwa, ushahidi haukutosha. Ila tangu hapo dukani akiingia watu wanageukia rafu.

"Borghild hakupiga simu ile ya pili," Halvard akasema. "Mimi nilikuwa pale, jikoni kwake. Nilikuwa kazini tangu usiku wa jana yake. Borghild alikuwa juu anamtandikia dada yake kitanda, anaweka chupa ya maji moto. Nikasikia kiti kinaegemezwa ukutani. Mabuti, mara tatu. Mlango. Miguu yangu ilikuwa imeshapata joto mbele ya jiko. Nikashika simu ya upepo nikasema, amefika, rudini."

"Hukwenda kuangalia," alisema Elen Risten.

"Ni hatua tisa. Kutoka kwenye kiti hadi pale wanapovulia viatu. Nimekwenda kuzipima."

Hakuna aliyeuliza aliyesikika ni nani, maana kule kila mtu anajua. Ni mtangulizi. Mume wako anarudi kazini, unamsikia anaegesha gari, anaingia, unamimina kahawa. Ukienda kumtazama hayupo, na baada ya dakika kumi ndiyo anafika kweli. Wanorwe hawa wanaokucheka ukitaja majini wote wanaye mtangulizi nyumbani, na hawamwogopi hata kidogo. Wanasema tu, huyoo anakuja, weka sufuria. Walichosahau ni kwamba mtangulizi anafika hata kama mwenyewe hatafika.

"Borghild aliposhuka akaniuliza yuko wapi," Halvard akaendelea, "nikaangalia, hayupo. Nikawaita watu tena, lakini zilishapita dakika arobaini na tufani ilishafunga njia. Usiku ule nikaandika ripoti. Nikaandika kwamba ni yeye aliyepiga simu. Alipokataa, daktari akamwambia ni mshtuko, kasahau. Mwishowe akakubali. Akaniambia, kama wewe unasema nilisema, basi nilisema."

Torunn akasogea mbali naye kwenye kochi. Alisogea kidogo tu, lakini Halvard aliona.

"Mfukuze," akasema tena, sasa analia. "Nakuomba, mama."

"Mimi natoa vitu vibaya, Inspekta. Huyu si kitu kibaya, huyu ni mwanamke anayetaka kufika kwao. Na anakuja kwako sasa kwa sababu ukistaafu unaondoka na siri hiyo." Akawasha televisheni. "Njia unaijua. Hatua tisa."

Unafikiri alikwenda siku ile? Wapi! Aprili nzima alijifungia na zile nyayo. Mei, theluji imeshayeyuka na jua halizami, siku yake ya mwisho kazini, aliweka karatasi yenye sahihi yake mezani kwa Torunn, akavaa koti, akaendesha hadi nyumba ya mwisho ya barabara. Ilikuwa inakaribia saa tisa na robo.

Borghild alifungua kabla hajabisha. Alikuwa amekondeana, nywele nyeupe, aproni safi.

"Leo umekuja na mwili," akasema.

"Unasemaje, Borghild?"

"Nakusikia kila siku. Miaka kumi na moja. Gari linasimama, mlango wa gari, kikohozi chako hicho, hatua zako kwenye kokoto. Mkono unashika kitasa. Nikifungua hakuna mtu. Nikasema, Bratteng ana neno la kuniambia, siku moja atafika. Ingia, kahawa ipo."

Halvard aliniambia kwamba hapo ndipo alipoelewa. Miezi yote ile alidhani yeye ndiye anayetembelewa, kumbe naye ni mzuka wa nyumba ya watu, tena wa siku nyingi zaidi.

Akaketi kwenye kiti kile kile mbele ya jiko. Akamwambia yote. Borghild alikuwa anakata jibini ya kahawia, na hakuacha kukata hadi kipande chote kikaisha.

"Kwa hiyo sikusema," akasema mwishowe.

"Hukusema."

"Kila usiku napiga magoti namwomba dada yangu msamaha. Kila usiku, Bratteng. Kwa kosa lako."

"Nimeandika. Kesho watu watajua. Nisamehe."

Nje, kwenye kokoto kavu, kwenye jua, vyuma viwili vilikwaruza. Kitu kikaegemezwa ukutani. Pa, pa, pa. Harufu ya kafuri ikaingia chini ya mlango.

Borghild akaweka kisu chini taratibu.

"Kaangalie," akasema.

Halvard akainuka. Alizihesabu zote tisa. Akafungua mlango: hakuna mtu. Kwenye kokoto palikuwa na mistari miwili mirefu imetoka barabarani hadi kwenye ngazi.

"Hayupo, Borghild."

"Hayupo?" Sauti ilitoka jikoni, haikupanda wala kushuka. "Basi toka ukamtafute."

Akatoka. Akaifuata ile mistari, kichwa wazi, polepole. Alipofika kwenye sanduku la barua akasikia nyuma yake mlango unafungwa, mabuti yanavuliwa, kiti kinavutwa mezani, na Borghild, kwa sauti ya msichana, anasema:

"Gudny! Mbona umechelewa hivi? Kaa, kahawa yako inapoa."

Kituoni sakafu yangu ni kavu tangu siku hiyo. Na Skarvik sasa wanamsalimia Borghild, wengine hadi wanampelekea samaki. Ila ukipita barabara ile saa tisa na robo, jua au tufani, utamkuta mzee mmoja mrefu anatembea zile mita mia nne, ameinamisha macho chini, anatafuta. Nilimsimamisha juzi nikamwambia, "Halvard, rudi nyumbani, mbona ameshafika?"

Akanitazama kwa yale macho mekundu.

"Una hakika, Mwanaidi?" akaniuliza. "Ulikwenda kuangalia?"