Kwa Nini Gari la Baba Lilizima Kila Jumatatu?

Swali moja lilininyima usingizi: je, ni mimi niliyekuwa nikiliharibu gari la marehemu baba, au kulikuwa na mtu aliyekuwa akiniharibia?

Nina miaka ishirini na sita, naishi Likoni na mama yangu. Baada ya kuhitimu nilikaa nyumbani muda mrefu bila kazi. Nilipopata nafasi katika maabara ya kiwanda kimoja Changamwe, ng'ambo ya kivuko cha feri, nililia kwa furaha! Lakini nilikuwa kwenye majaribio, na meneja alisema wazi kwamba mchelewaji haajiriwi.

Sikuogopa. Nilikuwa na gari, na nilikuwa na Kazungu, mchumba wangu, fundi wa magari hapo hapo Likoni.

Gari liliposumbua mara ya kwanza, Kazungu alifungua boneti akanieleza kwa madaha. Kuna vali inayorudisha moshi kidogo wa ekzosi ndani ya injini. Inaongozwa na kifaa kidogo cha umeme, solenoidi, chenye paipu mbili nyembamba za mpira. Solenoidi ikifa, au paipu zikikosea mahali pake, injini hukosa pumzi. Ukienda kasi huoni kitu. Ukisimama tu... inazima! Akaweka solenoidi mpya, gari likatulia. Jinsi nilivyojivunia mwanamume yule!

Kumbe alikuwa amepata mahali pa kunishikia.

Kila Jumapili baada ya kanisa alikuja kuniangalizia oili na maji. Na Jumatatu, kwenye foleni ya feri, gari lilitetemeka na kuzima. Siku moja lilizima ndani ya feri yenyewe, tulipofika ng'ambo. Magari nyuma yangu, watu kila upande, honi, jua... sikuwa na pa kwenda!

"Dada, hilo ni gari ama ni jiko?" dereva mmoja alipiga kelele. "Mwacheni," mwenzake akajibu, "ameamua kuhamia hapa!" Watu walicheka huku wakinisukuma nje.

Nilimpigia simu Kazungu; alikuja, akainama kidogo juu ya injini, gari likawaka. Alisema ni plagi. Wiki iliyofuata akasema ni pampu. Halafu akasema ni mafuta ya siku hizi. Mwisho akanishika bega: "Dama, mpenzi, hili gari linataka mtu anayelijua. Si utafute kazi huku huku Likoni?"

Nilijilaumu. Je, nakanyaga breki vibaya? Je, nina mkosi? Meneja aliniita akasema nikichelewa tena nisijisumbue kurudi.

Mimi ni mtu wa kuwaza kupita kiasi, wenzangu hunicheka kwa hilo. Lakini safari hii mawazo yaliniokoa. Kwa nini Jumatatu tu? Jumamosi moja, gari likiwa sawa kabisa, nilichukua rangi yangu nyekundu ya kucha. Nikapaka doa kwenye paipu moja ya solenoidi, na doa jingine kwenye mdomo wa solenoidi ilimochomekwa paipu hiyo. Niliona aibu hata kumshuku Kazungu...

Jumapili Kazungu akaja, akaangalia oili, akanywa chai ya mama, akaenda zake. Nikafungua boneti. Paipu yenye doa ilikuwa kwenye mdomo usio na doa!

Nikawasha. Gari likatetemeka, likazima. Nikazirudisha paipu mahali pake. Likanguruma, likatulia. Nilirudia tena na tena, kwa kuwa hata macho yangu sikuyaamini. Kisha nikakaa chini kando ya gurudumu nikalia.

Nilipomuuliza, alicheka kwanza. Halafu akasema polepole, "Ukishazoea watu wa Changamwe, utarudi kwa fundi kweli? Nilitaka ukae karibu, basi."

Ningefanya nini? Kanisa zima lilishajua kwamba tutaoana. Wazee wake walikuwa wanakuja Jumamosi hiyo na mnazi wa posa, ile pombe ya kumwombea binti. Mama alinisikiliza hadi mwisho, akashika kichwa. "Mwanangu, utamkataa mwanamume kwa sababu ya paipu ya mpira?" Nilihisi niko tena ndani ya feri, magari mbele, magari nyuma.

Jumamosi wakaja. Kwetu Wamijikenda, mnazi wa posa haunyweki mpaka binti mwenyewe aulizwe na akubali. Kibuyu kiliwekwa katikati ya mkeka. Kazungu alinitazama akitabasamu, kama mtu anayejua gari litawaka.

Baba mdogo, anayesimama mahali pa baba, akaniuliza, "Dama, mwanangu, mnazi huu tuunywe?"

Nilimwona mama akinisihi kwa macho...

Dada zangu mnaosoma haya, nawaomba: anayekuharibia njia ili umwite aje kukuokoa, hakupendi! Msingoje kuolewa ndipo mkague. Na ukiwa na shaka, usijiambie una wazimu. Fungua boneti uangalie mwenyewe.

"Hapana, baba," nilisema. "Msiunywe."

Mjomba wake Kazungu alijifuta jasho, akakichukua kibuyu chao, wakatoka. Mama aliukunja mkeka, akaingia ndani.

Jumatatu niliwasha gari la baba, nikasimama kwenye foleni ya feri. Injini ilinguruma taratibu chini ya miguu yangu, na haikuzima.