Nusu ya Shamba la Ruthu

Ruthu wa Gulwe alikuwa mwanamke asiyekaa kitako. Alfajiri alichota maji. Kisha alikwenda kupalilia uwele. Treni ilipopiga honi, yeye alikuwa tayari stesheni, beseni la mayai ya kuchemsha kichwani. Jioni aliongoza umoja wa akina mama wa kanisa. Jumamosi alifagia kanisa peke yake. Na mimba yake ilikuwa ya miezi minane.

Mumewe, Elieza, alikuwa amepunguzwa kazi, kama wanaume wengi miaka ile. Sasa alihangaika na vibarua Dodoma mjini. Shamba lote likabaki kwa Ruthu.

Pale kijijini mtu akizidiwa na palizi hupika pombe, akaalika majirani. Wanapalilia, wanaimba, wanakunywa, kazi imekwisha. Lakini Ruthu alikuwa ameokoka. Pombe hapiki. Sasa bila pombe atamwita nani? Basi akapalilia mwenyewe. Watu wakamsifu. Na sifa, jamani, ni tamu! Ruthu alizipenda, nasi tusimcheke, maana wengi tuko hivyo.

Asubuhi moja jirani yake, Yasinta, alimkuta ameketi shambani, ameshika kichwa.

"Dada Ruthu, una nini?"

"Kichwa kinanigonga tangu jana. Macho nayo yanaona ukungu."

"Mbona uso umevimba hivyo? Twende zahanati."

"Ngoja nimalizie kipande hiki."

"Hapana! Acha jembe hapo hapo."

Zahanati walimkuta nesi Anastazia. Alimpima Ruthu presha, akarudia kupima.

"Ruthu, presha imepanda sana. Kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, hizo ni dalili za hatari kwa mjamzito. Unaweza kupata kifafa cha mimba, ukafa wewe na mtoto. Usingoje hata kesho. Unakwenda hospitali Mpwapwa sasa hivi."

"Nesi, haiwezekani. Uwele utasongwa na majani. Na Jumapili nina wageni wa umoja."

"Akina mama wa umoja si wapo? Uliwahi kuwaomba msaada?"

Ruthu akainamisha kichwa. "Sina pombe ya kuwapa. Halafu mimi ni kiongozi wao. Watasema Ruthu ameshindwa. Na Mungu ataniona mvivu."

Anastazia, aliyesali naye kanisa moja, alimshika mkono. "Mungu hakukupa mikono ya kijiji kizima. Alikupa miwili. Ridhika na hiyo."

Ruthu alilia sana. Hakubisha tena.

Alilazwa Mpwapwa siku ile ile. Yasinta akawaambia akina mama wa umoja. Walikwenda shambani na majembe yao, wakapika uji, wakaimba nyimbo za kanisa. Hakuna aliyeulizia pombe. Walipalilia nusu. Nusu nyingine ililiwa na majani, maana na wao walikuwa na mashamba yao. Elieza alirudi nyumbani, akawa anachota maji mwenyewe. Wenzake walimtania, mwisho wakachoka.

Ruthu alijifungua salama, mtoto wa kike, mdogo lakini mwenye sauti kubwa.

Mwaka ule walivuna uwele kidogo, wakala kwa kupima. Lakini walikuwa hai wote watatu.

Siku ya uchaguzi wa umoja ilipofika, Ruthu alisimama kanisani na mtoto kifuani.

"Safari hii msinichague," alisema. "Nitaimba kwaya na kumlea huyu. Hayo yananitosha, na moyo wangu umetulia."

Akina mama walitazama chini. Kisha akainuka mke wa mwinjilisti, mama mtu mzima ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akilalamika.

"Hata mimi nimechoka," alisema kwa sauti ndogo. "Nimechoka siku nyingi. Mgongo hauwezi tena kubeba kuni, na niliona aibu kusema."

Yasinta ndiye aliyejibu kwanza. "Mama, kesho tutakuletea."

Mama yule akaketi, akafunika uso kwa khanga yake, akalia. Ruthu akasogea, akakaa karibu naye.