Aliyeshika Mwisho wa Kamba

Kamba ilivutwa kabla Sefu hajasema vuta.

Hakulitilia maanani. Asubuhi ile ukungu wa mto ulikuwa mzito, hata vidole vyako mwenyewe uvitafute, na Sefu, mpimaji wa ofisi ya viwanja, alikuwa na haraka zake. Uhuru ulikuwa bado mchanga, bendera haijapauka, na tayari vita vilikuwa vimeanza kuwasukuma watu mjini Kisangani, wengine kwa mitumbwi kutoka Basoko, wengine kwa miguu, magodoro kichwani. Walilala kwenye baraza za maduka ya Makiso, katikati ya mji, wee, mpaka wenye maduka wakachoka. Ikaja amri: mtaa mpya upimwe upesi, chini ya uwanja wa ndege wa Simi-Simi, hadi ukingoni kabisa mwa mto.

Sefu alijaribu kusema kwamba ule ukanda wa karibu na maji wazee waliuacha wazi miaka yote. Akaulizwa, batu batalala wapi, juu ya miti? Akachukua kamba yake. Na tuseme kweli, hakubisha kwa sababu naye aliahidiwa kiwanja pale pale. Hadidja mkewe, baada ya mimba kumharibikia mara kwa mara, sasa alikuwa na moja iliyokaa, na alitaka kuzalia nyumbani kwake, si kwa mama mkwe.

Basi wakapima. Sefu ameshika mwanzo wa kamba huku juu, na msaidizi wake Hubert, mtu mzima wa Isangi, ameshika mwisho kule chini kwenye ukungu.

"Hubert, uko?"

"Niko."

Neno hilo tu, kisha kamba inakaza. Hubert huyo, ambaye siku nyingine mdomo wake haufungiki! Sefu akadhani jamaa ameamka vibaya. Walipofika kwenye kiwanja chake mwenyewe, akamtania: "Siku ya kuhamia usikose, ndugu yangu. Kahawa yako iko."

Hapo inafaa ujue desturi ya nyumba za Waislamu wa pale. Siku ya kuhamia, mwenye nyumba haingii kwanza. Anatangulia yule aliyeshika mwisho wa kamba siku kiwanja kilipopimwa. Anaketi, anakunywa kahawa, anasema "nimeona mpaka," anatoka kwa mlango ule ule. Ndipo mwenye nyumba anaingia na kuwaita majirani, karibuni, waje wale. Bila hivyo nyumba si yako, hata kama umeijenga kwa mikono yako.

"Nitakuya," ukungu ulijibu.

Jua lilipopanda, Hubert akatokea. Alitokea upande wa barabara, siyo wa mto, shati limechanika, anahema.

"Patron, unisamehe. Basoda ba jeshi balinikamata ku barrière, pale banafunga njia, tangu alfajiri. Ni sasa tu baliniachilia."

Sefu akautazama mwisho wa kamba. Ulikuwa umelala juu ya nyasi, unadondosha maji, na unanuka tope la chini kabisa mtoni, lile ambalo wavuvi likipanda na wavu hulirudisha bila kuliangalia.

Mwenye akili zake angeving'oa vigingi vyote siku ile ile akapima upya. Lakini malori ya kwanza yalikuwa yameshafika na familia za wakimbizi, watoto wanalia njaa, na mkuu wa ofisi amesimama pale anatabasamu.

"Nyamaza," Sefu alimnong'oneza Hubert. "Ulikuwa hapa. Ni wewe ulishika kamba."

"Patron, si mimi."

"Ni wewe!"

Na siku ya kuhamia, Hubert aliingia, akaketi, akanywa kahawa, akasema uongo wake: "Nimeona mpaka." Sefu akaingia, akaita majirani, watu wakala wali na pondu ya majani ya muhogo mpaka wakashiba.

Haukupita muda mrefu. Kwanza zilionekana nyayo mbichi asubuhi, zimetoka mtoni hadi kwenye kila mlango, na hakuna hata moja iliyorudi. Watu wakasema ni wezi. Kisha Florentine, jirani aliyekuja kutoka Basoko, alisimama uani jioni akamwita bintiye, "Félicité, uko?" na sauti ikajibu mtoni, "Niko," akakimbia kuelekea majini akipiga kelele, kumbe Félicité alikuwa nyuma yake wakati wote, ameshika kitenge chake, anamuuliza mama unaenda wapi.

Nyumbani kwa Sefu hali ilikuwa mbaya zaidi, kwa maana kila magharibi, kabla taa haijawashwa, lilikuwa linaingia lile vundo la tope, taratibu, kama mgeni asiyetaka kusumbua, likifuatwa na mkwaruzo wa kamba inayoburutwa sakafuni, kisha mbao za kiti cha sebuleni zinalia, kama zinavyolia mtu mzito anapojiweka sawa akae.

"Sefu," Hadidja alinong'ona. "Iko mutu pa kiti."

"Hakuna mutu, mama."

"Kiti kimeloa. Kila siku anaangalia tumbo yangu tu. Nitoe hapa."

Sefu akaenda kumleta shangazi yake, Fatouma, mkunga na msomaji wa dua, mwanamke ambaye hata wanajeshi walimwamkia. Akafukiza ubani nyumba nzima, na ubani ukazimika. Akamgeukia Sefu.

"Nani alishika kamba?"

Sefu akasema yote. Shangazi akajipiga paji la uso.

"Ah, mutoto wa kaka yangu! Ulimualika kwa mudomo yako, halafu ukakalisha mwongo pa kiti yake? Alors, sikia. Muite. Umupe kahawa yake, aseme neno lake, atoke. Njo hapo ataachia nyumba zote. Lakini usiseme naye mengi."

Ilikuwa mchana, wingu la mvua limeshuka hadi kwenye mapaa. Majirani wote wakatolewa nje wasimame barabarani, milango wazi. Hadidja peke yake hakuweza kutoka, maana uchungu ulikuwa umemshika tangu asubuhi, na shangazi alibaki naye nyuma ya pazia. Sefu akamimina vikombe viwili, akaita, naye akaja, na ingawa hapakuonekana mtu, maji yalitiririka kutoka kizingitini hadi kitini, na kiti kikalia, na lile vundo likajaa hata Sefu akaona machozi yanamtoka, akachukua kikombe chake akakinywa chote ili apate kitu cha kufanya na mikono yake, akakiweka chini, akangoja yule mwingine anywe. Kikombe cha pili hakikuguswa.

"Umekunywa?" sauti iliuliza. Ilikuwa ya upole.

"Nimekunywa."

"Na mpaka, umeuona?"

Maskini Sefu. Maisha yake yote hilo ndilo swali aliloulizwa kazini, na maisha yake yote alilijibu kwa fahari.

"Nimeona mpaka," alisema.

Alipoyasikia maneno yale katika kinywa chake mwenyewe, alitaka kuyameza, akamgeukia shangazi nyuma ya pazia, akafungua mdomo kumwita Hadidja, lakini ulimi ulikuwa mzito, na miguu yake ilikuwa imekwisha kusimama bila yeye kuiambia, inamtembeza kuelekea mlango ule ule alioingilia.

"Bon," ilisema sauti. "Sasa toka."

Mlango ukafungwa nyuma yake. Hubert, aliyekuwa amesimama na majirani, akaugonga kwa bega, akaugonga tena, Florentine akamlilia Mungu, mvua ikaanguka. Ndani Hadidja alipiga kelele moja ndefu, akamwita mumewe kwa jina. Kisha mtoto akalia.

Majirani walimtazama Sefu. Alikuwa amesimama kwenye matope mbele yao, mdomo umefumbwa, hawezi kutoa hata pumzi, mlango ulipofunguka polepole na sauti yake, sauti ya Sefu mwenyewe, ikawaita kutoka ndani kwa furaha:

"Karibuni! Mukuye muone mutoto wangu."