Mgongo wa Ithel

Sokoni Pontypridd, mji wa migodi huko Wales, kati ya makelele ya wauza samaki na wauza jibini, Ithel Pugh alimkanyaga Tegwen mguu.

"We kaka, huna macho?"

"Ninayo, bibie. Yalikuwa kwako, ndiyo maana miguu imepotea."

Tegwen alicheka bila kutaka. Alimjua: mchimba makaa ya mawe ambaye akikimbia na mpira wa raga, hata wake za mabwana hurusha kofia. Kufika Juni Ithel alikuwa amemvisha pete ya uchumba.

Julai, mke wa meneja wa mgodi akamwalika Ithel kwenye klabu yao ya tenisi, ambako Tegwen alikuwa mhudumu wa chai. Ithel alifika na shati jeupe la kuazima, nywele zinang'aa mafuta. Alikuwa ameoga kote isipokuwa mgongo. Wachimbaji wote hawakuosha mgongo. Waliamini maji hulegeza uti. Hata nusu saa haikupita, jasho likachora vumbi la makaa shatini.

Mke wa meneja akatandika gazeti kitini. "Keti hapa, Pugh. Usiegemee."

Wanaklabu wenzake wakacheka, pua wameziba, midomo imejaa keki iliyonunuliwa kwa makaa yale yale. Tegwen, birika mkononi, alisimama akimtazama Ithel.

"Yule mhudumu anakukodolea macho," mke wa meneja akasema. "Mnajuana?"

Ithel alimtazama Tegwen usoni. "Hapana, bibi mkubwa."

Jioni, mama yake akiwa kwenye kwaya, Ithel alimpokea Tegwen jikoni kwao na brashi mkononi.

"Teg, kipenzi, nisugue mgongo. Wamenialika tena Jumamosi."

"Baada ya lile gazeti?"

"Utani tu ule. Wakinizoea watanitoa shimoni, wanipe kazi ya ofisini. Ni kwa ajili yetu."

"Sisi na nani? Mchana hukunijua."

"Nilibabaika, mpenzi. Nisamehe."

"Walipokucheka nilitaka kuwamwagia chai ya moto. Nilisema moyoni, huyu mchafu ni wangu. Kisha ukafungua mdomo."

Ithel alivua shati, akainama juu ya karai la maji. Mgongo ulikuwa na makovu ya buluu, ya mawe ya mgodini. Huruma ilimshika Tegwen, akachukua brashi. Alisugua mpaka maji yakawa meusi tii na ngozi ikawa nyekundu.

"Taratibu, unanichuna!"

"Tayari. Umetakata."

Alijifuta mikono, akavua pete, akaiweka juu ya meza.

"Teg! Jumamosi utakuwepo lakini?"

"Nitakuwepo. Ukitaka chai, ita mhudumu."