Vidole Vyekundu Kwenye Bastola ya Baba

Jua lilikuwa limeshajificha nyuma ya mlima Verlene alipotoka na ndoo kuchota maji kwenye pipa la mvua. Maji ya bomba hayakufaa. Yana chokaa, na chokaa huacha madoa kwenye chuma. Hii ilikuwa mara ya nne kuichemsha ile bastola.

Coy, mumewe, alikuwa kwenye ngazi za baraza akivua buti.

"Leo itaiva?"

"Ikiiva nitakupakulia."

"Tia chumvi basi, mke wangu. Ya jana ilikuwa chapwa."

Coy ndiye aliyeiopoa, aliposhuka kisimani kutoa matope. Miaka arobaini na moja majini. Ilikuwa donge la kutu. Alitaka kuitengeneza mwenyewe. Verlene akakataa. Ilikuwa ya baba yangu, alisema, niachie. Afadhali aishike yeye kuliko mtu mwenye maswali.

Baba aliitupa kisimani siku waliyomzika Lonzo.

Lonzo alikuwa kaka yake, miaka kumi na minne. Verlene alikuwa na minane. Alipoulizwa, alisema Lonzo aliichukua akajielekezea mwenyewe. Basi. Kwa maneno hayo akahesabiwa kuwa amejiua, wakamzika nje ya ua wa makaburi, na kila mwezi wa Mei, siku ya kupamba makaburi, ukoo mzima ulipanda kilimani na maua na kuku wa kukaanga, na hakuna aliyevuka ule ua. Hata mama yake. Jumapili hii watapanda tena.

Kazi yenyewe ilitaka subira. Unasugua kutu yote. Unapaka dawa inayoleta kutu mpya, laini. Unachemsha mpaka wekundu ugeuke weusi, kisha unasugua tena. Ukigusa kwa mkono mtupu, jasho lako linaacha alama, na alama inashika kutu. Verlene alivaa glavu. Kila mara alivaa glavu.

Alibandika maji, akaitumbukiza, akangoja. Kisha akafunua sufuria.

Harufu ya baruti...

Si ya zamani. Ya sasa hivi.

Akaiinua kwa waya, akaisogeza kwenye taa. Chuma kilikuwa cheusi vizuri, isipokuwa kwenye mpini. Hapo palikuwa na alama za vidole vitatu, vyekundu, vidogo. Na kwenye kifyatulio, kimoja zaidi. Kifupi. Hakina ncha.

Vilikuwepo tena.

Alivua glavu akatazama kidole chake cha shahada. Ncha yake ilikwenda na mashine ya kukatia mabua, alipokuwa na miaka saba.

Akachukua nyuzi za chuma akasugua. Akasugua mpaka mkono ukamuuma. Coy akipita tu jikoni ataona. Vidole vikafifia... vikarudi, vyekundu kuliko mwanzo.

Ndipo aliposikia mnong'ono kutoka chumba cha mama yake.

"Toka. Rudi nje."

Mama yake, Orva, alikuwa na miaka themanini na minne, kipofu, na daktari alishawaambia hataiona Mei nyingine. Alikuwa amekaa kitandani, mkono mmoja ameuficha kwapani.

"Unamfukuza nani, mama?"

"Huyo. Tangu uanze kupika hilo lichuma, kila magharibi anaingia. Ananishika mkono. Ana baridi, na amelowa."

"Nani?"

"Unaniuliza nani! Nimemzaa mimi." Orva alipumua kwa shida. "Namwambia arudi alikojipeleka."

Verlene alisimama mlangoni. Angeweza kusema ni ndoto, mama, kunywa supu. Maneno hayo yalikuwa tayari mdomoni.

"Hakujipeleka."

"Sema nisikie. Unanong'ona kama mwizi."

"Nilikuwa nimeishika mimi, mama. Yeye alikuwa ananiambia niiweke chini."

 Jikoni maji yalikuwa bado yanatokota.

"Miaka arobaini na moja," alisema Orva.

"Ndiyo."

"Nampita mwanangu kila Mei kama napita mavi ya ng'ombe."

"Ndiyo, mama."

Hakulia. Hakumlaani. Verlene angefurahi kulaaniwa.

"Fungua mlango wa nyuma. Mwite. Wewe, siyo mimi."

Verlene akaufungua. Nje mwanga ulikuwa umebaki kidogo tu, kwenye kilele cha kilima. 

"Lonzo... ingia ndani."

Harufu ya matope ya kisima ikaja kwanza. Kisha sauti juu ya mbao za sakafu.

Tap.

Tap.

Mkono wa baridi ukaingia ndani ya mkono wake.

"Amekuja?" Orva aliuliza.

"Amekuja."

"Mlete. Mlete hapa, nimshike." Bibi kizee alikuwa amenyoosha mikono yote miwili gizani, uso umemchanua kama wa msichana.

Verlene akapiga hatua kuelekea kitandani. Mkono haukumfuata. Ulikuwa umemshika barabara, na ulikuwa unavuta, bila hasira, bila haraka, kama kaka mkubwa anavyomvuta mdogo wake aliyechelewa. Kuelekea mlangoni. Kuelekea kilimani.

Unyayo wa Verlene ukagusa majani yenye umande.

"Verlene?" mama akaita nyuma yake, mikono bado hewani. "Verlene, mbona nyayo zinatoka?"