Jesca, Panda Trekta

Mwaka ule mitumba ilipofurika soko la Morogoro, Jesca na Eustace waling'ang'ania koti moja la mistari.

"Dada, hilo la kiume. Utamvalisha nani?"

"Mbwa wangu. Ana mabega kukuzidi."

Eustace alicheka, akaliachia. Alikuwa mpiga tarumbeta wa bendi ya vijana wa Mwembesongo waliofufua jazi ya baba zao, ila waliipiga kwa fujo ya muziki wa panki waliousikia kwenye kanda za Ulaya: gita likikwaruza, ngoma zikikimbia, wachezaji wakiruka hadi viatu viwatoke. Jesca, mwenye gauni la njano na kiuno kisichotulia, alinaswa.

Eustace akawa anampigia simu kwenye duka la Ebrahim, ambako Jesca aliuza vitambaa.

"Kipenzi, umekula?"

"Nimekula. Kata simu, bosi ananikodolea."

"Akodoe. Anajua kizuri."

Siku moja, kichwa kikiwa kifuani pa Eustace, Jesca alimweleza asichomweleza mtu: aliwahi kuolewa Turiani, akarudishwa kwao juu ya trekta la miwa kwa kuwa hakuzaa. Eustace akaitungia wimbo siri hiyo. Mji mzima ukaitikia: "Jesca, panda trekta!"

Mwanamume mpenda makofi ni hatari kuliko mlevi, maana mlevi hulala.

Jesca akakataa simu zake. Ndipo Eustace alipokwenda kumpigia magoti mjomba wa Jesca, Lukasi, aliyeshuka kutoka milimani. Kwa Waluguru, mjomba ndiye mwenye kauli juu ya mpwa wake.

"Shikamoo, mjomba. Nimekosa. Sitaupiga tena."

"Marahaba. Ukiupiga, huna mke. Jesca, wasemaje?"

"Nampenda, mjomba. Ndiyo maradhi yangu."

Alasiri ya sherehe ya uchumba, bendi ilitumbuiza. Jesca alikaa mbele, maua kichwani, shingo imenyooka. Vijana mlangoni wakaanza: "Trekta! Trekta!" Ukumbi ukapokea. Eustace akamtazama mchumba wake. Jesca akatikisa kichwa polepole, kama mama anayemkanya mtoto karibu na moto.

"Mara moja tu, mpenzi," Eustace akasema. "Watu wanautaka."

Tarumbeta ikalia. Mjomba Lukasi akainuka, akamshika mpwa wake mkono. Wakapita katikati ya wachezaji waliokuwa wakiruka na kumwimbia jina lake usoni. Hakuna aliyewapisha.

Wimbo ulipokwisha, viti vya mbele vilikuwa vitupu. Watu walipiga makofi, wakataka tena.

Eustace akaurudia.