Kazi Tano Katika Kapu Moja

Miaka ile dhahabu iliwavuta watu Nyamongo kutoka kila upande. Kila asubuhi vijana walipita kijijini Kerende na sururu zao, wakienda kwenye maduara, yale mashimo ya kuchimbia. Method hakwenda tena. Jiwe lilimvunja mguu akiwa ndani ya duara. Mfupa ulipounga, mguu ule ulibaki mfupi kuliko mwenzake.

Alilazwa hospitali miezi miwili. Huko, muuguzi mmoja alimwonea huruma kwa jinsi alivyokaa bila kazi, akamfundisha kufuma. Method alirudi nyumbani na sindano mbili na donge la uzi. Wachimbaji wenzake walicheka hadi machozi.

"Mwanaume mzima anafuma!" walisema.

Lakini asubuhi za kwao zina baridi, na kofia za Method zilikuwa na joto. Vicheko vilikwisha, wateja wakaja.

Method alishukuru mno kupata kazi tena. Kwa sababu hiyo hakumkatalia mtu. Akajikuta na kazi tano kwa mpigo. Kulikuwa na kofia ya mchimbaji Tomaso. Kulikuwa na sweta mbili za shule za watoto wa Agustina, na shali ya mama mkwe wa Method mwenyewe. Tena kulikuwa na seti moja, kofia na sweta, ya mjukuu wa mama Mokami, ambaye alikuwa bado hajazaliwa.

Akichoka na hii, alishika ile. Zote zilikaa katika kapu moja.

"Baba Heche, ipi imekwisha?" mkewe Ghati alimwuliza siku moja.

"Zote zinakwenda."

"Zinakwenda, ndiyo. Mbona hakuna inayofika?"

Method alijua mkewe anasema kweli.

Siku ya Jumanne, Saida alikuja kwa Ghati kununua maziwa. Saida alitoka Tarime mjini, akaolewa na fundi cherehani wa Nyamongo. Yeye mwenyewe aliuza nyuzi sokoni, na alikuwa amefuma tangu usichana wake.

"Dada Saida, hebu nitazamie hii," Method alimwambia. Akamwonyesha sweta ya shule. Mkono mmoja ulikuwa mpana, mwingine mwembamba.

Saida aliugeuza, akauvuta kidogo. "Ulitumia sindano zile zile?"

Method alifikiri. "Huu wa pili nilichukua sindano za sweta ya mtoto. Zilikuwa karibu."

"Basi ndiyo maana. Sindano nyembamba hutoa mkono mwembamba."

Kabla hajamaliza kusema, mama Mokami aliingia uani akihema.

"Shikamoo mama," Method alisema.

"Marahaba mwanangu. Binti yangu amejifungua jana. Mtoto amewahi kabla ya mwezi wake. Ni mdogo, mdogo kabisa. Wahudumu wa zahanati wanasema akae kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, na avae kofia, maana kichwa ndicho kinachopoteza joto. Nimefuata ile kofia."

Method aliingiza mkono kapuni. Uzi mweupe wa mtoto ulikuwa umejisokota na uzi wa bluu wa sweta za shule. Sweta ya mtoto ilikuwa nusu. Kofia hakuwa ameianza.

"Mama," alisema. "Haipo. Nisamehe."

Mama Mokami hakumgombeza. "Basi tutamfunga kitambaa kwa sasa," alisema, akarudi zahanati.

Method aliinamisha kichwa. Aibu ilimjaa. Afadhali mama yule angemtukana.

"Usilie na kapu, kaka," Saida alisema. "Kofia ya mtoto mchanga ni kazi ya saa chache. Nyingine zote ziweke chini. Ghati, tusaidie kutenganisha nyuzi hizi."

Ghati alizitenganisha, Saida akahesabu vitanzi vya kuanzia, Method akafuma. Mchana haujapita sana, kofia ilikuwa tayari, ndogo kama chungwa. Ghati aliifua, akaianika juani. Ilipokauka akaikimbiza zahanati.

Saida hakuondoka. Alimwaga kapu lote mkekani.

"Kuwa na kazi nyingi si kosa," alisema. "Mimi mwenyewe huwa na tatu. Kosa ni kuzichanganya. Una mifuko?"

Method alileta mifuko ya unga iliyooshwa. Saida akaweka kila kazi katika mfuko wake, pamoja na uzi wake na sindano zake.

"Sindano za kazi hii zisitoke humu mpaka kazi iishe. Hata kama ziko karibu!"

Method alicheka kidogo.

"Sasa chukua karatasi. Andika ni ya nani, vipimo vyake, na inatakiwa lini. Kila ukitaka kupumzika, maliza mstari kwanza, usiache katikati. Kisha andika umefika mstari wa ngapi. Kesho hutakisia."

"Na nianze na ipi?"

"Yenye siku ya karibu. Shule inafunguliwa lini?"

"Baada ya wiki tatu."

"Basi malizia nguo za mtoto, halafu sweta za Agustina. Shali haina siku, lakini ni kazi nyepesi. Iwe ya kushika unapoongea na wageni. Sweta inataka akili yako yote, usiifume ukipiga soga. Kofia ya Tomaso mwambie ukweli, itamaliziwa baada ya sweta. Na mteja mpya akija, mpe siku. Usimpe ndiyo tupu."

Method aliufumua ule mkono mwembamba, akaufuma upya kwa sindano zake zenyewe. Tomaso alipoambiwa angoje, alikubali bila neno. Sweta zote mbili zilikwisha siku nne kabla ya shule kufunguliwa, na mikono ilikuwa sawa.

Shali ilikwisha mwishoni. Method alimpa Ghati aipeleke kwa mama yake huko Manchira, maana kwao mkwe hamkaribii mama mkwe ovyo. Mama mkwe huyo ndiye aliyewalimia shamba msimu ule Method alipokuwa hospitali.

Baada ya miezi mitatu mama Mokami alikuja tena, safari hii na binti yake. Mtoto alikuwa mgongoni, mashavu yamejaa. Method aliomba kumpakata. Mtoto akamshika kidole, akakivuta kwa nguvu.

"Siku ile ulinikuta nimeshindwa, mama," Method alisema. "Asante kwa kutonifukuza moyoni mwako."

"Nikufukuze?" mama Mokami alisema. "Mjukuu wangu anaitwa Method."